Vumbi la Shetani

Kuna neno la Kiingereza linalopendwa sana na watu wanaosahihisha kazi za wenzao: shoddy. Ripoti iliyoandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi ni shoddy. Ukuta uliopasuka kabla fundi hajamaliziwa hela yake ni shoddy. Utafiti ambao ukijumlisha majedwali yake hupati jibu lililoandikwa chini ni shoddy. Sisi tungesema kazi ya ovyo, kazi ya bora liende, au mtaani, kazi ya kulipua. Ila neno la Kiingereza lina kitu cha ziada. Halitukani, linakunja pua tu. Linasema kwamba aliyefanya kazi hii hakujali, na kwamba anayelitamka ni mtu wa kujali.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu biashara ya nguo kati ya Zanzibar na bara katika karne ya 19. Ukikaa na nguo za karne hiyo kwa muda wa kutosha lazima utakutana na shoddy, lakini hutaikuta ikiwa sifa ya kitu kingine. Utaikuta ikiwa kitu chenyewe: bidhaa yenye bei, yenye viwanda, yenye mji wake. Kwa miaka mingi lilikuwa jina la kitambaa tu. Kisha vita vikaja, na jina la kitambaa likageuka kuwa jina la uzembe. Nimetumia muda mwingi kuliko inavyopaswa kufuatilia mgeuko huo, kwa sababu nadhani ndani yake kuna watu waliopakwa uzembe usiokuwa wao.

Mji huo ni Batley, magharibi mwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Benjamin Law, mtengenezaji wa nguo, na mwaka unaotajwa ni 1813, Vita vya Napoleon vikiwa bado havijaisha. Law alianza kutengeneza nguo kwa matambara. Sisemi viraka, maana kutia viraka kila maskini duniani alikuwa anakujua. Law aliyarudisha matambara ya sufu nyuma kabisa hadi yakawa nyuzinyuzi, yakachanganywa na sufu mpya, yakasokotwa upya kuwa uzi, na uzi ukafumwa upya kuwa nguo. Kitambaa hicho ndicho kilichoitwa shoddy.

Kulisema hilo ni rahisi. Kazi yenyewe ilianza kwa kuchambua, na wachambuaji walikuwa hasa wanawake. Matambara yalikuja yamefungwa robota kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, na biashara ilipokua yakawa yananadiwa kando ya reli katika mji jirani wa Dewsbury. Mwanamke alikaa mbele ya lundo lake. Aling'oa vifungo na kulabu. Alitoa bitana. Alikata mishono na kuiondoa, kwa sababu mishono ilikuwa ya uzi wa pamba, na rangi inayoshika kwenye sufu haishiki vizuri kwenye pamba. Vipande vidogo vya uzi vikipenya, vitatokeza kama chawa weupe kwenye koti jeusi. Kisha aligawa: sufu laini na sufu ngumu, iliyofumwa kwa sindano na iliyofumwa kwa kitanda cha mfumi, na juu ya hayo yote, rangi. Matambara yaliyopangwa vizuri kwa rangi yanaweza kutoa uzi usiohitaji kutiwa rangi tena. Kosa la mkono mmoja pale kwenye lundo lingeonekana miezi kadhaa baadaye, kwenye mgongo wa mtu katika mji mwingine.

Baada ya hapo matambara yalipakwa mafuta kidogo na kuingizwa kwenye mashine, silinda inayozunguka kwa kasi ikiwa imejaa meno ya chuma. Mashine hiyo waliiita shetani, na vumbi lake likaitwa vumbi la shetani. Waliolivuta waliumwa kichwa, walikohoa, walikauka koo, wakashikwa na homa. Ugonjwa nao ukapewa jina la bidhaa, homa ya shoddy. Vitambaa vilivyolegea kama soksi na flaneli vilitoa nyuzi ndefu, na hiyo ndiyo shoddy hasa. Nguo ngumu na mabaki ya mafundi cherehani yalitoa nyuzi fupi zaidi, nazo zikaitwa mungo. Naam, mungo. Shetani na mungo katika kiwanda kimoja; msomaji wa Kiswahili ana haki ya kucheka kidogo kabla hatujaendelea. Hata taka zilizoshindikana kusokotwa hazikutupwa. Zilikwenda mashambani kuwa mbolea, mpaka kwenye mashamba ya hopsi ya Kent, zao linaloipa bia uchungu wake.

Nilipofika kwenye maelezo ya wale wachambuaji niliacha kusoma kama mwanafunzi, nikaanza kusoma kama mtoto wa nyumba ya mitumba. Mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, anauza sweta na mablanketi katika soko la Memorial, Moshi. Belo likifunguliwa ana dakika chache tu za kuamua, na wenzake wanaparangana pembeni yake. Anavuta shingo ya sweta aone kama inarudi. Anageuza kwapa. Anainua nguo kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo. Anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na kwa kuisugua tu anajua kama ni sufu, akriliki au mchanganyiko. Sweta lililokwisha analiweka kando kabla mimi sijaona lilipokwishia. Kazi hii imenilipia ada kuanzia sekondari. Na ndiyo kazi ambayo sisi wenyewe tumeifanya kuwa kejeli: mawazo ya mitumba, elimu ya mitumba, mchezaji wa mitumba.

Kwa hiyo nilitaka kujua, kule kwa wenzetu, kejeli ilianzia wapi na ilimfaa nani.

Mapema kabisa kuna siasa. Tarehe 4 Machi 1842, William Busfeild Ferrand, mbunge wa Knaresborough, alisimama katika Bunge la Uingereza na kipande cha nguo iliyotengenezwa kwa vumbi la shetani, akakirarua vipande vipande mbele ya wenzake. Ilikuwa sinema nzuri. Ferrand alikuwa adui mkubwa wa wenye viwanda, na siku hizo Bunge lilikuwa linagombana kuhusu ushuru wa nafaka kutoka nje, ambao wamiliki wa ardhi walitaka ubaki na wenye viwanda walitaka ufutwe. Alikuwa anataka kuonyesha kwamba watu hao ni matapeli. Lakini kilichoraruliwa siku ile kilikuwa kitambaa, na kitambaa ndicho kilichobaki na doa.

Watu wa Batley walijitetea. Mwaka 1860 Samuel Jubb alichapisha kitabu kizima cha historia ya biashara ya shoddy, jambo ambalo hufanywi na mtu anayeionea aibu. Na utetezi wenyewe hauhitaji kitabu. Shoddy iliyochanganywa kwa kipimo kizuri na sufu mpya ilitoa koti zito ambalo kibarua angeweza kulinunua, katika nchi ambayo baridi inaua. Iliyochanganywa kwa pupa, au iliyouzwa kama sufu tupu, ilikuwa wizi. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa kwenye tambara, wala kwa mwanamke aliyelichambua. Ilikuwa kwa mtu aliyeamua kiasi gani kiwekwe na mteja aambiwe nini.

Mwaka uliofuata mtu huyo alipata soko ambalo hajawahi kuliota. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ilianza kuipiga ngome ya Fort Sumter, na tarehe 15 Lincoln akaita watu 75,000 wa kujitolea, wakati jeshi lote la kudumu lilikuwa na askari wapatao 16,000. Watu hao walihitaji suruali, makoti na mablanketi, tena kesho asubuhi. Jimbo la New York liliagiza sare 12,000 kutoka Brooks Brothers, duka la nguo lenye jina kubwa. Kitambaa cha jeshi hakikutosha. Sare zilizotoka zilikuwa na shoddy ya kiwango cha chini kabisa, na zilipokutana na mvua na jasho zikaanza kuachia kwenye miili ya askari. Kampuni ikalazimika kubadilisha sehemu yake.

Haikuwa kampuni moja tu. Katika mwaka huohuo kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Charles Van Wyck ilianza kupekua mikataba ya serikali, na Januari 1862 Simon Cameron aliondoka kwenye Wizara ya Vita akiandamwa na kashfa za zabuni. Magazeti yalianza kuwaita matajiri wapya wa vita mabwanyenye wa shoddy. Mwaka 1863 Henry Morford alitoa riwaya yenye jina la The Days of Shoddy, yaani zama za shoddy. Hapo neno lilikuwa limeshavuka bahari na limeshavuka maana.

Lakini tazama lilivyovuka. Kwa muda mfupi lilikuwa na shabaha sahihi kabisa: mwenye zabuni, gari lake, jumba lake jipya, hereni za mkewe. Baadaye vita vikaisha. Mwenye zabuni akabaki na jumba, neno likaondoka kwake likahamia kwenye bidhaa yoyote mbovu, kisha kwenye kazi yoyote mbovu, kisha kwenye tabia ya mfanyakazi. Leo mtu akisema kazi hii ni shoddy, anayetujia kichwani ni fundi mvivu. Sare zile zilishonwa na nani? Sehemu kubwa ya sare za jeshi la Kaskazini ilipita mikononi mwa wanawake waliolipwa kwa kipande. Mwaka 1865 washonaji wa Cincinnati walimwandikia Lincoln kumweleza kwamba wenye zabuni wanapokea fedha za serikali na kuwalipa wao kiasi kisichoweza kumtunza mtu. Mimi katika kashfa nzima ile sioni uzembe popote. Mwenye zabuni alipiga hesabu zake kwa makini sana.

Sheria ilikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko lugha. Tarehe 2 Machi 1863 Lincoln alisaini Sheria ya Madai ya Uongo, inayomruhusu raia wa kawaida kumfungulia kesi anayeiibia serikali, na kupata sehemu ya fedha zitakazorudishwa. Sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa lakini hadi leo inafanya kazi. Haijishughulishi na ubora wa kitambaa. Inamtafuta mtu aliyeomba malipo huku akijua kwamba anadanganya.

Vita hivyohivyo viligusa pwani yetu, na ndiyo sababu vimo kwenye tasnifu yangu. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani. Kilipanda na misafara hadi Unyamwezi na kupita huko, kikiwa nguo na wakati huohuo fedha. Kilipendwa kwa uzito wake na uimara wake. Nguo nyingi za Kiingereza zilitiwa wanga mwingi ili zionekane nene, na wanga huisha kwenye maji ya kwanza. Vita vilipoifunga pamba ya Kusini, viwanda vya Kaskazini vilikosa malighafi, merikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na India zikapata mlango.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vya shule havitufundishi. Tunaambiwa habari za wafanyabiashara wa pwani na Wazungu waliobadilisha vitambaa kwa pembe za ndovu, kana kwamba watu wa bara walipokea chochote walichoshushiwa. Wasafiri wenyewe waliandika vingine. Burton na Stanley wote walionya kwamba msafiri akibeba nguo au shanga zisizotakiwa mahali husika, atabaki na mzigo usiomnunulia hata chakula cha wapagazi. Kulikuwa na watu Ugogo na Unyamwezi waliojua kuvuta kitambaa na kusema hapana. Hawakuwa na kamati ya Bunge, walikuwa na vidole.

Ninapoandika mambo haya kwa Kiswahili nakwama kila mara palepale. Shoddy niiite nini? Sare duni? Sare hafifu? Sare za ovyo? Yote yanaeleweka, na yote yanarudia kile kilichotokea Marekani: yanabandika sifa kwenye nguo na kumwacha mtu aende zake.

Kwa bahati Kiswahili cha Tanzania kina neno lililopitia njia inayofanana. Miaka ya 2009 na 2010 mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli, basi kuna watu wakawa wanachanganya. Magari yakawa yanakufa njiani. Tukasema mafuta yamechakachuliwa. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe tena. Wakati huo neno lilikuwa limeshatoka kwenye tangi. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 ulikuta liko tayari, likaingia kwenye kura, na baada ya hapo kwenye vyeti, maziwa, hata ndoa.

Kuchakachua lilisafiri kama shoddy lilivyosafiri, kutoka kwenye kitu kimoja hadi kwenye kila kitu. Ila ni kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hakitoki nyumbani bila mtu. Amechakachua. Wamechakachua. Hata ukijificha nyuma ya yamechakachuliwa, msikilizaji anakuuliza palepale: na nani? Kulipua nako ni vivyo hivyo, lazima kuwe na fundi aliyelipua, na ukimfuata huenda akakueleza kwamba alipewa mifuko mitano ya saruji kwa kazi ya mifuko kumi. Simaanishi kwamba lugha yetu ina haki kuliko nyingine. Mitumba tumeifanyia kilekile walichofanyia shoddy, tena kwa kuwacheka wanunuzi na wauzaji, wakati waliokinai nguo hizo baada ya kuzivaa mara tatu hawana jina lolote katika kejeli zetu. Nasema tu kwamba nikiwa na hiari, nachagua kitenzi. Katika rasimu yangu sare za New York zimechakachuliwa, na sentensi inayofuata inalazimika kutaja wenye zabuni.

Shoddy yenyewe haikufa. Mwaka 1940 Marekani ilipitisha sheria ya lebo za sufu, iliyotaka mnunuzi aambiwe kama sufu ni mpya au imetoka kwenye nguo nyingine. Viwanda vya Batley na Dewsbury vilififia katika karne ya 20, kazi ikaendelea kwingine, hasa Prato nchini Italia na Panipat nchini India. Panipat wanawake bado wanakaa mbele ya malundo ya makoti na sweta zilizovaliwa Ulaya na Marekani, wanakata vifungo, wanapanga kwa rangi. Mablanketi mengi ambayo mashirika ya misaada yamewagawia wakimbizi na waliokumbwa na mafuriko duniani yametoka huko. Wakati huohuo, katika maduka ya bei mbaya ya Ulaya, koti lililotengenezwa kwa namna ileile linaning'inizwa na kikaratasi kinachojivunia sufu iliyorejelezwa, na kwa ajili ya kikaratasi hicho unaongeza hela. Hakuna duka hata moja lililothubutu kuandika shoddy.

Desemba iliyopita, nikiwa Moshi, nililikuta kwenye meza ya mama mdogo blanketi la kijivu. Ukilitazama kwa mbali ni kijivu tu. Ukilisogeza machoni utaona nyekundu, buluu, kijani, njano, nyuzi fupifupi za kila rangi zilizolala pamoja. Hizi si za belo, aliniambia, zinakuja mpya kwenye nailoni kutoka India, na watu wa huko juu mlimani wanazitaka kwa sababu ni nzito. Nikamweleza kwamba zinatengenezwa kwa sweta kama zile anazouza yeye, zikishararuliwa. Hakushangaa sana. Alishika pembe mbili akalivuta, akalisugua kwa vidole, akalinusa.

"Aliyechanganya hili kaweka akriliki nyingi," akasema. "Elfu kumi na nane halifiki."

Akalikunja, akaliweka kwenye rundo la elfu kumi na mbili.